Nywele za kipilipili zinapokauka Dodoma: soma dalili, tafuta chanzo

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na nywele zako, anza na chanzo kilichotajwa kwanza maana ndicho kinachowapata wengi, kisha jaribu suluhisho lake kwa wiki 2 hadi 3 kabla ya kuhamia lingine. Ukibadilisha shampuu, mafuta na kondishena siku moja hutajua kilichosaidia wala kilichoharibu.

Jambo moja lieleweke mapema, kwa sababu ndilo linalowamalizia watu hela kwenye maduka ya vipodozi: mafuta hayana maji. Kazi yake ni kuyazuia maji yaliyokwisha kuingia kwenye unywele yasitoke haraka. Ukifungia ukavu, utabaki na ukavu unaong'aa. Nywele za kipilipili zina kazi ngumu zaidi, kwani mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayashuki kirahisi kwenye unywele uliojikunja, na kila penye kona magamba ya nje ya unywele huinuka kidogo na kuacha upenyo. Dodoma nayo inaongeza mawili yake: hewa kavu yenye upepo kuanzia Mei hadi Novemba, na maji ya visima yenye chokaa. Ndiyo maana wengi waliohamia kutoka Dar es Salaam au Tanga tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 wanaona nywele zinabadilika ndani ya muda mfupi ingawa bidhaa ni zile zile. Wanadhani wameuziwa feki. Mara nyingi bidhaa haina kosa. Kilichobadilika ni maji na hewa.

Kabla ya yote: pima maji yako

Chukua chupa ya nusu lita inayoonyesha ndani. Isuuze vizuri, kisha jaza hadi nusu maji yale yale unayooshea nywele. Kwangua sabuni ya mche kiasi cha punje moja ya haragwe, itie ndani, funga na utikise kwa nguvu kwa sekunde 20. Iache itulie dakika 1.

Maji laini hutoa povu zito linalokaa, na chini yake maji hubaki maangavu. Maji magumu hutoa povu dogo linalokufa upesi, maji yanaingia ukungu, na juu panaelea vipande vyeupe laini vinavyoganda kwenye ukingo wa chupa. Pitisha kidole kwenye utando huo: unanata na haukubali kutoka kwa maji matupu. Huo ndio unaobaki kwenye nywele kila unapoosha kwa sabuni.

Usifanye jaribio hili kwa shampuu wala sabuni ya unga. Hizo hutoa povu hata kwenye maji magumu, zitakudanganya. Kama huna sabuni ya mche, angalia ndani ya birika au sufuria ya kuchemshia maji. Tabaka jeupe lililoganda chini linasema jambo lile lile. Pima kwako, usitegemee jibu la jirani. Sehemu kubwa ya maji ya mjini hutoka visima vya Mzakwe, lakini nyumba nyingi za pembezoni hutumia visima vyao wenyewe, na ugumu hutofautiana kutoka kisima hadi kisima.

Dalili: asubuhi laini, saa nane mchana zimekauka

Hii ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote, hasa kuanzia Juni upepo unapozidi.

Chanzo cha kwanza, na kwa mbali ndicho kikubwa, ni mafuta kupakwa juu ya nywele kavu. Kukagua ni rahisi: mara ya mwisho maji kugusa nywele zako ni lini? Kama ni zaidi ya siku 4 na umekuwa ukiongeza mafuta tu, umepata jibu. Fanya hivi:

1. Gawa nywele mafungu 4 hadi 6 na ubane kila fungu peke yake.
2. Fungua fungu moja. Pulizia maji hadi nywele ziwe mbichi kabisa, zisiwe na unyevu wa juu juu tu. Minya kwa kiganja. Maji yakichuruzika kidogo, imetosha.
3. Paka kondishena isiyosuuzwa au losheni ya nywele, kijiko 1 cha chai kwa fungu kama nywele ukizinyoosha zinafika mabegani. Anzia kwenye ncha, panda juu, ngozi ya kichwa usiiguse.
4. Paka mafuta nusu kijiko cha chai kwa fungu hilo. Yakizidi hapo yataishia kwenye kola ya shati.
5. Suka kitunguu au sokota, kisha nenda fungu linalofuata. Usilowanishe kichwa chote kwa pamoja, kwani hewa ya huku itakuwa imekausha fungu la mwisho kabla hujalifikia.

Wakati wa kiangazi rudia hatua ya 2 na ya 4 kila baada ya siku 2 au 3. Masika, siku 4 au 5 zinatosha. Losheni usiirudie kila mara, kwani hujikusanya.

Mafuta yapi? Ya alizeti yanayokamuliwa Singida na hapa Dodoma yanafaa sana kufungia maji. Ni mepesi, ni ya bei nafuu na yanapatikana kila mahali. Chagua yasiyo na harufu ya kuungua wala ya kuchacha. Nyonyo ni mazito mno kupakwa peke yake: changanya sehemu 1 ya nyonyo na sehemu 3 za alizeti. Mafuta ya nazi yana kazi nyingine ambayo alizeti haiiwezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha nazi, alizeti na mafuta ya madini, na nazi peke yake ndiyo iliyopunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, kwa sababu hupenya ndani ya unywele. Kwa hiyo nazi ipakwe kabla ya kuosha, nusu saa au usiku kucha, na alizeti ipakwe baada ya kuosha. Nazi huganda ikipoa chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Juni na Julai hapa utaikuta ngumu. Tumbukiza chupa kwenye bakuli la maji ya moto, usiiweke motoni.

Chanzo cha pili ni glisarini. Glisarini huvuta maji na kuyashika, jambo zuri kule Pwani ambako hewa imejaa unyevu. Hewa ya Dodoma mwezi Septemba haina cha kuipa, hivyo nywele zinabaki zinanata kwa nje na kavu kwa ndani. Soma kibandiko: viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi. Glycerin ikiwa ya pili au ya tatu, bidhaa hiyo iweke hadi mvua zianze Desemba. Kama unachanganya mwenyewe, isizidi kijiko 1 cha chai kwa maji mililita 250, na juu yake paka mafuta siku zote. Kupaka glisarini tupu ya duka la dawa moja kwa moja kichwani ni kosa la kila mwaka.

Chanzo cha tatu ni kitambaa. Khanga, kofia za sufu na foronya za pamba hunyonya maji. Vaa satini ndani, kisha funga khanga au kilemba juu yake kama kawaida. Anayepanda bodaboda kila siku avae kitambaa chepesi cha satini ndani ya kofia ngumu: kinazuia msuguano, na kinapunguza kugusana na jasho la abiria wote waliotangulia.

Chanzo cha nne, kwa wachache, ni nywele kuchoka kwa moto wa pasi au blo. Huo utaukuta kwenye dalili ya kuvutika, chini.

Ukichanganya maji na mshubiri, ndizi au chochote kibichi kwenye chupa ya kupulizia, mwisho wake ni siku 3 kwenye friji na siku 1 nje. Ikibadilika harufu au kuingia utelezi, mwaga. Kupulizia kitu kilichooza kwenye ngozi ya kichwa huleta vipele.

Dalili: baada tu ya kuosha, nywele ni ngumu na zinakwaruza

Zinalia mkononi ukizivuta, kitana hakipiti, na rangi imefifia hata zikiwa mbichi. Kama jaribio la chupa lilionyesha utando, karibu kila mara chanzo ni maji magumu. Chokaa, yaani kalsiamu na magnesiamu, hukaa juu ya unywele na kuzuia kondishena isishike.

Swali la kwanza la kujiuliza: unaosha kwa nini? Sabuni ya mche au ya kuogea ikikutana na maji haya hutengeneza ule utando moja kwa moja. Acha sabuni, tumia shampuu. Hatua hii peke yake hutatua tatizo kwa watu wengi, na hata shampuu ya bei ya chini ni bora kuliko sabuni ghali.

Kama tayari unatumia shampuu, badilisha maji ya mwisho. Hayahitajiki mengi. Kwa ndoo ya lita 10 gawanya hivi: lita 3 za kulowesha, lita 4 za kutoa shampuu, na lita 3 za mwisho za maji laini za kusuuza kondishena. Maji laini yanatoka wapi Dodoma? Mvua. Kinga kwenye bati, lakini acha mvua ya mwanzo ipite kwa dakika 10 hadi 15 ili iondoe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha chuja kwa kitambaa na uhifadhi kwenye dumu lenye mfuniko. Madumu 3 ya lita 20 ni lita 60, yaani mara 20 za kusuuza kwa mwisho. Anayeosha kila baada ya wiki 2 hiyo inamvusha kiangazi chote na ziada inabaki.

Mvua ikiwa imekwisha, chemsha maji kwa dakika 10, yaache yapoe na kutulia, kisha mimina taratibu ukiacha unga mweupe chini. Kuchemsha huondoa sehemu moja tu ya ugumu, kwa hiyo kama kisima chako ni kikali utaona nafuu ndogo.

Chokaa iliyokwisha kujikusanya huondolewa kwa asidi nyepesi. Weka siki nyeupe vijiko 2 vya chakula kwenye lita 1 ya maji, mimina kwenye nywele baada ya shampuu, subiri dakika 2, suuza, ndipo upake kondishena. Mara 1 kwa wiki 3 au 4 inatosha. Angalia chupa ya siki: iwe ya asilimia 4 au 5. Ile asidi kali inayouzwa ili mtu akazimue mwenyewe isiguse kichwa, inaunguza. Usitumie siki kama una kidonda, umejikuna hadi kutoa damu, au umetoka kufumua misuko na ngozi bado inauma.

Limao na ndimu? Hapana. Juisi yake ikibaki kwenye ngozi ya paji au shingo halafu ukatoka kwenye jua la Dodoma, ngozi inaweza kuungua na kuacha madoa meusi ya miezi. Baking soda nayo iachwe. Ni ya kialkali, inainua magamba ya unywele na kuongeza ukavu ule ule unaoukimbia.

Siki ikishindwa kwa mara 2 mfululizo, tafuta shampuu ya kuondoa madini. Chupa yake huandikwa Chelating au Hard Water, na kwenye viambato kuna EDTA. Itumie mara 1 kwa mwezi, si zaidi, na siku hiyo lazima ufuate na kondishena nzito kwa dakika 20 hadi 30.

Dalili: maji yanateleza, nywele hazilowi

Pulizia fungu moja na ulisogelee karibu na kioo. Ukiona matone ya duara yamekaa juu ya nywele na baada ya dakika 2 bado yapo, maji hayaingii.

Mara nyingi ni mabaki: mafuta ya mgando, jeli ya kubania, krimu ya wiki iliyopita, na vumbi lililonaswa humo. Kwangua fungu kwa ukucha. Ukipata utando wa kijivu au wa njano chini ya kucha, ni hayo. Mafuta ya mgando si sumu, na juu ya nywele mbichi hufungia maji vizuri kuliko mafuta mengi ya bei. Tatizo lake ni kwamba hayatoki kwa maji, na kwenye vumbi la Agosti yanakusanya kila kinachopita. Osha kwa shampuu mara 2 siku moja: ya kwanza huvunja mafuta na hutoa povu dogo, ya pili ndiyo inayosafisha. Sugua ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole na uache povu lishuke lenyewe kwenye nywele. Kufikicha nywele kama unafua nguo kunazifunga mafundo.

Kama hata baada ya kuosha hivyo matone bado yanasimama, magamba ya nywele zako yamelala na kubana kwa asili. Si ugonjwa, na nywele hizo zikishalowa hukaa na maji muda mrefu. Zinahitaji joto kidogo. Vikombe 3 vya maji ya kawaida na kikombe 1 cha maji yanayochemka hutoa uvuguvugu wa karibu nyuzi 40. Jaribu kwanza upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Loweka, paka kondishena, vaa kofia ya plastiki ya kuogea, funga taulo lenye joto juu yake kwa dakika 20. Saluni, stimingi ya dakika 15 hadi 20 hufanya kazi hiyo hiyo. Ikianza kuchoma, toka chini ya mashine hapo hapo. Hakuna faida inayopatikana kwa kuvumilia. Kwa nywele hizi tumia losheni nyepesi, na mafuta kidogo kuliko vipimo vya hapo juu.

Lile jaribio la kutumbukiza unywele mmoja kwenye glasi ya maji uone kama utazama halifai kutegemewa. Unywele wenye mafuta huelea, wenye vumbi huzama, na kwa vyovyote hujajua kitu.

Dalili: zikiwa mbichi zinavutika kama mpira halafu zinakatika

Chukua unywele mmoja mbichi uliodondoka, uvute taratibu kwa vidole viwili. Wenye afya huongezeka kidogo na kurudi. Ukirefuka sana bila kurudi, au kukatika ukiwa umelegea, umepungukiwa na nguvu ya ndani, na kuongeza maji hakutasaidia.

Anza kwa kuangalia kemikali na moto: rangi ya kubadilisha nywele kuwa nyepesi, dawa ya kulainisha iliyobaki kwenye ncha, au pasi ya kila wiki. Pale dawa ya zamani inapokutana na nywele mpya ndipo zinapokatikia. Sababu ya pili ni kulaza nywele mbichi na kondishena usiku kucha kila wiki.

Dawa yake ni kondishena yenye protini, ambayo kibandiko kitaandika hydrolyzed mbele ya keratin, wheat au silk. Tumia mara 1, fuata na kondishena ya kawaida, subiri wiki 4 ndipo urudie. Ukizidisha, nywele zinageuka ngumu na kuvunjika kavu. Yai halifanyi kazi hii. Protini yake ni kubwa mno kuingia kwenye unywele, na ukisuuza kwa maji ya moto linaiva humo humo. Mayonesi na mtindi vibaki mezani. Sehemu iliyoungua kwa pasi, ambayo haijikunji tena hata ikilowa, haitarudi. Ikate polepole, sentimita 1 au 2 kila baada ya wiki 6 hadi 8.

Dalili: ncha zinapasuka na kujifunga vifundo

Ncha ndizo sehemu kongwe ya unywele na mafuta ya asili hayazifikii kabisa. Ziweke zimefichwa kwa vitunguu au misuko badala ya afro la kila siku. Hilo linasaidia kuliko bidhaa yoyote. Chana zikiwa mbichi na kondishena, kwa vidole kwanza kisha kitana chenye meno mapana, ukianzia kwenye ncha. Kifundo cha unywele mmoja usikivute. Kikate kwa mkasi mkali wa nywele, milimita 5 juu yake. Mkasi wa kukatia kitambaa au karatasi huacha ncha iliyochanika inayoendelea kupasuka.

Dalili: unga mweupe kichwani

Hapa wengi hukosea kwa kudhani kila cheupe ni ukavu, wanaongeza mafuta, na hali inakuwa mbaya zaidi.

Unga laini unaodondoka ukichana, bila kuwasha, mara nyingi ni mabaki ya jeli na krimu zilizokauka. Osha, utaisha siku hiyo hiyo. Magamba madogo makavu yanayokuja Juni hadi Agosti pamoja na ngozi ya miguu kupauka ni ukavu wa kweli. Punguza maji ya moto na paka matone machache ya mafuta kwenye ngozi ya kichwa baada ya kuosha.

Magamba makubwa ya njano yenye mafuta, yanayowasha na kurudi siku 2 baada ya kuosha, ni mba. Mba hustawi kwenye mafuta, hivyo acha kupaka ngozi ya kichwa mafuta kabisa. Duka la dawa wanayo shampuu ya ketokonazo ya asilimia 2. Ipake kwenye ngozi tu, iache dakika 5, suuza, kisha kondishena kwenye nywele. Fanya mara 2 kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4. Isipopungua baada ya hapo, nenda hospitali.

Kwa mtoto, ukiona mabaka ya duara yenye magamba na nywele zilizokatikia kwenye ngozi, huyo ana mapunye. Mafuta, ndimu, kitunguu saumu na krimu za kupaka hazifiki ndani ya mzizi ambako fangasi anaishi. Yanahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa kipimo cha uzito wa mtoto, kutoka kituo cha afya. Usinunue kwa kukadiria. Vitana, kofia na mashine za kunyolea visichangiwe nyumbani hadi dawa iishe. Kukitokea uvimbe laini unaotoa usaha, usiukamue. Mpeleke siku hiyo hiyo, kwa sababu ukichelewa unaweza kuacha kovu ambalo halioti nywele tena.

Dalili: chini ya misuko kumekauka na kunawasha

Kusuka hakuondoi haja ya maji. Pulizia maji yenye losheni kidogo kwenye mistari na kwenye urefu wa msuko kila siku 3, kisha matone ya mafuta. Osha ngozi kila wiki 2: shampuu kijiko 1 cha chakula kwenye maji nusu lita, mimina kwenye mistari, bonyeza kwa ncha za vidole, suuza. Kausha kabisa kabla ya kufunga kilemba au kulala. Msuko mbichi uliofungiwa hutoa harufu ya uvundo ndani ya siku 2.

Kuwasha kunakoanza siku ya kwanza au ya pili kwa kawaida husababishwa na nywele za bandia zenyewe, kwa kile kilichopakwa kiwandani. Kabla ya kusuka, ziloweke dakika 30 kwenye lita 5 za maji yenye kikombe 1 cha siki, suuza mara 2, anika. Rasta zisizidi wiki 6 hadi 8. Ukifumua utapata bonge la nywele linalotisha. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida na zote hizo zilikuwa zimenaswa humo. Angalia mwisho wa unywele: wenye kidoti cheupe umetoka kwenye mzizi kwa wakati wake, usio nacho umekatika, rudi kwenye dalili za juu.

Maumivu ni jambo jingine. Msuko unaokufanya umeze dawa ili ulale umebana kupita kiasi. Mwambie msusi palepale, "Dada, nilegezee hapa mbele," na kama umeshafika nyumbani, fumua mistari ya mbele usiku huo huo. Vipele vidogo kwenye mstari wa paji baada ya kusuka ni mizizi inayovutwa. Kingo zinazopungua zikipumzishwa mapema hurudi. Zikiendelea kuvutwa kwa miaka, mizizi hufa.

Acha kujitibu, nenda kwa daktari

Usijaribu bidhaa nyingine kama una lolote kati ya haya: utosi unapungua kutoka katikati kwenda nje, hasa ukiambatana na kuchoma au kuwasha, ngozi ya sehemu iliyonyonyoka imekuwa nyororo na kung'aa bila vitundu vya nywele, vidonda, usaha au tezi zilizovimba nyuma ya shingo, upara wa duara uliotokea ghafla, au nywele zinazodondoka kwa mizizi kwa zaidi ya miezi 3. Hali mbili za kwanza huacha makovu, na kila mwezi wa kusubiri ni nywele zisizorudi.

Kudondoka kwingi miezi 2 hadi 4 baada ya kujifungua au baada ya homa kali huisha kwenyewe kwa kawaida. Kukiambatana na uchovu, moyo kwenda mbio au kuongezeka uzito bila sababu, omba upimwe damu, wingi wake na homoni za tezi ya shingo.

Anzia kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na uombe kuelekezwa kwa daktari wa ngozi. Kesi ngumu zinaweza kupelekwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Siku ya kwenda fumua misuko yote, osha nywele siku moja kabla, na usipake mafuta wala unga wa kufunika upara, ili daktari aone ngozi yenyewe. Beba bidhaa zote unazotumia zikiwa kwenye chupa zake, pamoja na picha za eneo hilo za miezi iliyopita kama zipo kwenye simu. Taja pia dawa zozote za kienyeji ulizopaka, hata kama hukuulizwa.